Dakika Kumi Nilizompa Mheshimiwa

Mwaka mmoja ulipokaribia kwisha tangu tumzike mke wangu, kamati ya mazishi ilirudi. Sikuiita. Ilijiita yenyewe, kama kawaida ya kamati za nchi hii. Mwenyekiti wake alikuwa yule yule mwalimu mkuu mstaafu, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, ambaye tangu aache kupiga kengele ya shule hapati raha mpaka awe na watu wa kuwapanga mstari. Alikuja Jumapili baada ya kanisa na daftari lake, akaketi bila kuuliza kwenye kiti alichozoea kukalia marehemu, akaniambia kwamba ibada ya kumbukumbu ni lazima iwe ya heshima.

"Mzee, hii mwaka ni ya siasa," akasema. "Waheshimiwa watakuja hata tusipoita. Afadhali tuite, ndio tukuwe na programu."

Nilimwambia sitaki mheshimiwa yeyote akanyage ardhi yangu. Akaandika kitu daftarini. Nina hakika hakuandika nilichosema.

Binti yangu, ambaye anaishi Syokimau na kufanya kazi ofisini Nairobi, hulalamika kwamba siku hizi naanza hadithi mkiani. Basi nianzie kichwani. Siku ya mazishi nilikuwa na jambo moja la kusema mbele ya watu. Moja tu. Sikulisema, na mwaka mzima likanikaa kooni. Watu walidhani nimekuwa mzee wa kununa kwa sababu ya upweke. Upweke ulikuwepo, sikatai, lakini kilichokuwa kinanichoma ni lile jambo.

Shamba letu liko kwenye mteremko, upande wa kuelekea Masii. Nilipooa lilikuwa mawe matupu na makorongo, na mvua ikinyesha ungeona udongo wetu ukienda zake kwa majirani wa chini. Mimi nilikuwa nafanya kazi kiwandani Athi River, kwenye saruji. Nilikuja nyumbani mwisho wa mwezi, navua buti, nakula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, nalala, na Jumapili alasiri nashika njia. Waliolitengeneza shamba hili ni mke wangu na wanawake wa mwethya, yaani kile kikundi cha majirani ambao leo wanalima kwako na kesho kwangu, na hakuna anayeachwa nyuma. Walichimba mitaro ya fanya juu. Unachimba ukikata mteremko kwa upana, na udongo unautupa upande wa juu, si wa chini, ili ukingo ujengeke na maji ya mvua yasimame. Anayedhani ni kazi ndogo ajaribu kutupa udongo kupita kichwa chake kuanzia asubuhi hadi saa nane, huku ana mimba ya miezi sita. Mke wangu alifanya hivyo. Binti yangu huyo wa Syokimau alichimba mitaro mitatu kabla hajazaliwa.

Siku moja wakaja watu wa kilimo na kamba zao za kupimia, wakashangaa, wakasema shamba hili ni la mfano. Wakataka kumtuza mwenye shamba kwenye maonyesho ya kilimo mjini Machakos. Na mwenye shamba, kwa makaratasi, ni mimi. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa suti ya harusi, nikaenda. Nilipewa cheti na toroli. Mkubwa mmoja akanisogezea kipaza sauti, akaniuliza nilifanyaje. Ningeweza kusema, "Mama yuko nyumbani, muulizeni yeye." Maneno hayo hayakunijia. Nilieleza nilivyopima, nilivyochimba, nilivyopanda nyasi za ng'ombe kwenye kingo. Nilieleza vizuri mno. Walipiga makofi, na mke wangu wakati huo alikuwa ndani ya mtaro wa tisa.

Cheti hicho kiko ukutani mpaka leo, kwenye fremu, na jina langu limeandikwa kwa herufi za kujipinda. Wageni walipokuja kwa miaka mingi baadaye, wanafunzi, watu wa miradi, wazungu wenye kofia, ni mimi niliyewatembeza. Yeye aliwaletea chai. Hakuwahi kunilaumu. Ila alipokuwa akipangusa vyombo vya sebuleni alikuwa akisema, "Hii karatasi yako imeshika vumbi." Karatasi yako. Nilijifanya sielewi, nikaongeza sauti ya redio.

Redio ndiyo ugonjwa wangu, wacha nikiri. Nimesikiliza taarifa ya habari maisha yangu yote, na kila serikali nimeigombeza kama mtu anayegombeza mbuzi shambani. Mke wangu alipolazwa hospitalini, nilikaa kando ya kitanda chake wiki tatu nikiwa na karedio kadogo mfukoni. Asubuhi nilikuwa nagombana na watu wa dirishani kuhusu kadi mpya ya matibabu. Ile ya zamani haifanyi kazi, mpya haijakubali, kompyuta imelala, rudi kesho. Kesho nikirudi, kompyuta bado iko usingizini. Nikitoka hapo napanda wodini nikiwa nimefura, naketi, naanza kumsimulia mgonjwa habari za nchi. Ushuru umepanda mpaka kwenye mkate. Vijana wamejaa barabarani wakidai haki yao, na wakubwa wanawajibu kama watu wanaofukuza kuku. Waheshimiwa wamejiongezea magari. Nilikuwa nasema kweli tupu, na hata leo sirudishi neno. Lakini nilikuwa namwambia nani?

Siku moja aliniuliza, "Mitaro iko aje?"

"Iko sawa," nikamjibu, kisha nikaendelea na habari za bajeti.

Akafunga macho. Nikadhani amelala. Baada ya muda akasema, macho yakiwa yamefungwa vile vile, "Wewe mzee, hiyo serikali utaiacha lini ipumzike?" Nesi aliyekuwa anabadilisha chupa ya maji akacheka. Mimi pia nilicheka. Siku nne baadaye alituacha, asubuhi, nikiwa dirishani nikigombana kuhusu kadi.

Sijui niandike nini kuhusu siku hizo. Nilikuwa mtu aliyekatika. Ila katikati ya kamati, na simu, na wapishi, na ubishi wa rangi ya maua, lile jambo la cheti lilinijia likakaa. Niliamua kwamba siku ya mazishi nitasimama mbele ya kila mtu, niseme kwamba mitaro hii aliichimba yeye, kwamba mimi nilipokea sifa zisizo zangu, na kwamba naomba msamaha. Binti yangu alikuwa anachapisha kile kijitabu cha mazishi chenye picha za rangi, akaniomba maneno yangu ayaweke humo. Nikakataa. Nilimwambia haya nitayasema kwa mdomo. Basi kwenye programu akaandika, "Mume wa marehemu, dakika kumi." Niliweka kidole pale kwenye mstari wangu nikatosheka.

Sasa nifike kwa mheshimiwa. Watu husema wanasiasa wanavamia mazishi. Kwangu hakuvamia. Mimi ndiye niliyemwalika. Nilimwandikia barua kwa mkono wangu, kurasa mbili, nikampa msaidizi wake sokoni. Alikuwa ameahidi kisima wakati wa kampeni, na mwethya wakachimba mfereji wa bomba kutoka kilimani hadi sokoni, mke wangu akiwa mbele. Bomba halikuja. Mfereji sasa ni njia ya mbuzi. Nikafikiri, huyu mtu akiletwa hapa, asimame mbele ya jeneza la mama aliyemchimbia mfereji, ataona aibu, na aibu italeta bomba. Hayo ni mawazo ya mtu mzima mwenye mvi ambaye amesikiliza redio maisha yake yote na hajajifunza chochote. Nilitaka kufanya biashara juu ya jeneza la mke wangu. Nikitafuta neno zuri zaidi silipati.

Alichelewa kwa saa mbili. Tulimngoja, maiti ikingoja, mchungaji akingoja, kwaya ikirudia wimbo ule ule mpaka wenye sauti nyembamba wakakauka. Msafara ulipofika haukuegesha barabarani. Uliingia shambani. Gari moja kubwa jeusi lilipanda ukingo wa mtaro wa tatu, likasaga nyasi, likashuka upande wa pili kana kwamba hapo ni uwanja wa mpira. Nililiona kwa macho yangu. Nilisimama, kisha nikaketi tena, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alikuwa ameniinamia sikioni.

"Mzee, mheshimiwa ako na mazishi ingine mbili, moja iko Kangundo," akaninong'oneza. "Si tumpatie hiyo dakika kumi yako, halafu wewe kwa vile ni mwenyeji, utaongea baadaye?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyenishika shingo. Nadhani hata nilisema asante.

Alichukua kipaza sauti akaanza na itifaki. Aliwatambua machifu, akawatambua wazee wa vijiji, akawatambua waliotuma salamu, akatusalimu, akasema hatujasikika, akatusalimu tena. Kisha akasema tumekuja kumpumzisha mkulima shujaa, mzee aliyeubadilisha mteremko huu kwa mikono yake, aliyepima mwenyewe, aliyechimba mwenyewe, mpaka serikali ikamtuza mjini Machakos. Watu wakaanza kugeuka kunitazama. Mtu fulani alikuwa amempa habari za boma hili, na habari za boma hili zilikuwa zile zilizo kwenye cheti. Alinizika mimi, nikiwa nimeketi mstari wa mbele na leso mkononi. Na kila neno alilolisema nililitambua, maana ni yale yale niliyoyasema mimi kwenye maonyesho.

Msaidizi alimvuta koti. Mheshimiwa akakohoa akasema, "Na mama pia, mama pia alikuwa nguzo," kisha akahamia kwa wapinzani wake. Huko alikaa kama dakika arobaini. Kisima hakukitaja. Watu walipiga makofi, hata mimi nilipiga, mikono ina mazoea yake. Alipoondoka, nusu ya waombolezaji walikimbilia magari yake hadi barabarani, na mnajua wenyewe walichokuwa wanafuata.

Mchungaji akatazama mawingu. Akasema mvua inakuja, tukamzike mama, na mzee ataongea nyumbani watu wakinywa chai. Jeneza likainuliwa. Nilisimama kando ya kaburi nikiwa na maneno yangu mdomoni, kwaya ikaimba, udongo ukaingia, na ikawa imekwisha. Mvua haikunyesha hata tone. Kwenye chai hakuna aliyenikumbuka, kila mtu alikuwa anajadili hotuba.

Mvua ilikuja Novemba, na ilijua ilikokuwa inakwenda. Ilipita pale gari lilipovunja ukingo wa tatu, ikabomoa wa nne, ikabomoa wa tano, na asubuhi nilikuta korongo lililonifika kifuani. Nilienda ofisi ya kilimo, wakaniambia mafuta ya gari hakuna. Nilienda ofisi ya mheshimiwa, wakaniambia yuko Nairobi. Nikarudi nyumbani nikaketi na redio, nikaitukana serikali tangu Novemba hadi mwaka mwingine ukaingia. Binti yangu alipiga simu, akanisikiliza karibu nusu saa, kisha akasema, "Baba, kwani hiyo mtaro itajengwa na redio?"

Nilimkatia simu. Halafu nikampigia tena kumwambia kwamba nimemkatia kwa makusudi.

Kwa hiyo mwenyekiti alipokuja na daftari lake, na mahema yake, na orodha yake ya waheshimiwa, nilijua angalau kitu kimoja nisichokitaka. Alisema kile cheti tukitundike mbele, karibu na picha ya marehemu, wageni wakione. Nilimwambia chai imekwisha. Haikuwa imekwisha, birika lilikuwa mbele yetu likitoa moshi.

Kesho yake nilichukua fimbo nikaenda kwa kiongozi wa mwethya. Ni mama wa makamo yangu, mkali, mjane tangu zamani, na alichimba na mke wangu tangu mtaro wa kwanza. Nilimkuta akipepeta maharagwe.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa heshima yetu ya Kikamba, "siku ya kumbukumbu sitaki hema. Nataka ile mitaro mitatu irudi."

Hakuacha kupepeta. "Nani atapika uji?"

"Mimi."

"Na jembe utashika?"

"Nitashika."

Ndipo akaniangalia, kuanzia kofia hadi viatu. "Basi tutakuja," akasema.

Mwenyekiti alinuna, akasema nimeidharau kamati. Binti yangu alisema watu watasema. Nikamwambia waseme, mimi nimekuwa nikisemwa kwa mazuri ambayo si yangu, sasa nisemwe kidogo kwa yangu. Akaniuliza kama najua kupika uji wa watu wengi. Sikujua. Alichukua likizo ya siku moja akaja, na hata hivyo uji ulikuwa na mabonge.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Walikuja wanawake kumi na mmoja na majembe begani, watano kati yao ni wale wa zamani, mmoja hawezi tena kuinama akaja kutusimamia. Walinipa nafasi katikati. Nilifanya kazi kiwandani miaka mingi na najua kazi ngumu, lakini mtaro sikuwahi kuuchimba mpaka siku ile. Nilichimba, nikajaza sepetu, nikatupa udongo upande wa chini, kwa sababu ndiko unakotaka kwenda wenyewe. Wote wakaacha kazi wakacheka. Yule mama asiyeweza kuinama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Haki ya Mungu, na huyu ndiye alipewa cheti," akasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini nilitupa udongo juu. Nusu yake ilinirudia usoni. Kufika saa nne mikono ilikuwa na malengelenge, mgongo haunisikii, na tulikuwa hatujapiga hata hatua ishirini. Nilimfikiria na mimba yake. Nilisimama ndani ya ule mtaro nikalia, na sikujificha, na wao hawakunitazama.

Binti yangu alileta uji. Tukaketi ukingoni, kila mtu na kikombe chake. Nikaona kama sisemi leo sitasema tena. Nikasimama.

"Kuna kitu nilikuwa nimepanga kusema siku ya mazishi," nikasema. "Mheshimiwa alichukua muda wangu."

"Ulimpatia," kiongozi akasema.

"Nilimpatia," nikakubali. Nikaendelea. Nilisema mitaro hii si yangu. Nilisema nilienda Machakos nikajisifu kwa kazi yao na ya mke wangu, na kwamba miaka yote nimewatembeza wageni nikiwa najua. Nilisema naomba msamaha, kwao na kwake. Haikufika hata dakika mbili. Kumbe kumi zote sikuzihitaji.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikunywa uji. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sisi tulikuwa hapa, mzee," kiongozi akasema mwishowe. "Hiyo yote tunajua. Yeye mwenyewe ulimwambia?"

Nilikumbuka kiti cha wodini, na karedio mfukoni, na wiki tatu.

"Hapana," nikasema.

Alinitazama kidogo, akamwaga mabaki ya uji kwenye nyasi, akanirudishia sepetu yangu. Jua lilikuwa linapanda, na mtaro wa tatu haukuwa umefika nusu.